Oili Haipigi Kelele

Mkunazini, Unguja
Baada ya magharibi

Mwanangu Haji,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho bandarini, kwa hiyo hapa sitazirefusha. Wewe umekwenda Mkokotoni kumuaga bibi yako, na mama yako yuko uani anakufungia vitu. Habari za sala, za nguo, za watu wa kuwasogelea na watu wa kuwakimbia, hizo amekwisha kukwambia yeye. Kesho asubuhi atakwambia tena, na meli ikichelewa kung'oa nanga utazisikia mara ya tatu. Mimi nimekaa hapa ukumbini nikuandikie habari ya oili.

Cheka, lakini usiikunje barua. Baba wengine wana elimu ya kuwaachia watoto wao, wengine wana mashamba ya mikarafuu, au walikuwa nayo. Mimi maisha yangu yote ni dereva wa gari la abiria la Darajani na Mkokotoni, na mahali pekee ninapojiona mtu mwenye akili ni pale ninapolala chini ya injini. Kwa hiyo nikikupenda, nakupenda kwa maneno ya injini. Mengine sina.

Tena nina hofu, mwanangu, na bora niiseme mapema kuliko kuizunguka. Kesho unakwenda Dar es Salaam kwa mjomba wako, na lori letu limeshapakiwa melini tangu mchana wa leo. Nasema letu kwa mazoea. Ni lake, mimi nimelitunza tu tangu alipohamia bara. Atalivua bodi ya mbao na mabenchi ya abiria, atakupakilia mapipa ya mafuta, na wewe utayapeleka Zambia kwa njia ile ambayo madereva wakiitaja hushusha sauti. Na lori hilo halina kirejeta cha oili. Nilikitoa mimi kwa mikono yangu, na nilifanya sawa.

Hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilifanya sawa. Kama ningekuwa nimekosea ningejua pa kujilaumu.

Lilipokuja, lori lile lilikuwa na rejeta yake ya maji kama magari yote, na mbele ya hiyo kirejeta kingine kidogo, chenye mabomba mawili yaliyotoka kwenye injini. Oili ilipita humo, ikapigwa upepo, ikarudi imepoa. Waliolitengeneza walifikiria nchi za milima. Hawakumfikiria mtu wa Unguja anayetoka Darajani, anasimama kila penye kikapu na mwenye kikapu, na kabla injini haijapata moto wa maana ameshafika baharini. Mwaka wa kwanza kila nikifungua kifuniko cha kutilia oili naona utando mweupe, mzito, kama tui lililokatika. Nikadhani maji ya rejeta yanavujia ndani. Nikafungua injini nzima, nikabadilisha gasketi ambayo haikuwa na kosa lolote, na lile tui likarudi.

Aliyenicheka ni fundi aliyenifunza kazi, Mgoa mmoja mzee aliyekuwa na gereji yake Vuga. "Makame," aliniambia, "gari yako haiumwi. Gari yako ina baridi." Akanieleza jambo ambalo nakuomba ulitie kichwani, kwamba oili ina joto lake, kama mtu alivyo na joto lake. Kwa vipimo vile vya Kiingereza, maji huchemka kwenye mia mbili na kumi na mbili. Oili ikiwa inafanya kazi yake vizuri hukaa papo hapo karibu, baina ya mia na themanini na mia mbili na ishirini, na ikizidi kidogo penye mzigo si neno. Ikiwa siku zote iko chini ya hapo, unyevu ulioingia ndani ya injini haupati moto wa kuutoa, unachanganyika na oili, na hilo ndilo tui. Ikipanda ikafika mia mbili na hamsini, inakuwa nyepesi kama maji ya kunawia, na chuma kinaanza kugusana na chuma. Ikivuka hapo na ikakaa, inaungua, na haifai tena hata ikipoa.

"Kwa njia yako wewe," akasema, "kirejeta kile ni sawa na kumpepea mtu mwenye homa ya baridi. Kitoe."

Nikakitoa. Nikaziba matundu, na tui halikuonekana tena. Kirejeta kikakaa uani, kuku wakakifanya kigoda chao, mpaka mama yako alipochoka kukiona akampelekea fundi bati wa Darajani. Yule bwana akakikata kwa ajili ya shaba yake, na kipande kimoja akakitia kiraka kwenye kitako cha dele letu la kahawa, lililokuwa likivuja. Sote tulifurahi. Miaka yote hii tumekunywa kahawa iliyochemshiwa juu ya kirejeta cha watu, injini ikanguruma vizuri, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Fundi wangu aliondoka baada ya Mapinduzi, kama walivyoondoka wengi. Alikuja kuniaga, tukazungumza habari za hali ya hewa. Nilikuwa nimemuuliza miaka mingi nyuma lini gari halihitaji kirejeta cha oili, na lini linahitaji pia nilimuuliza, na alinijibu: mzigo mzito, mlima mrefu, gia ndogo, jua kali, upepo mchache, na saa nyingi bila ya kupumzika. Vikikutana viwili vitatu, anza kuwa na wasiwasi. Vikikutana vyote, usitoke nyumbani bila ya kuwa nacho. Lakini sikumuuliza afanye nini mtu ambaye vyote vimemkuta na kirejeta hana. Nilidhani iko siku.

Wakati ule niliyasikia hayo ya milima kama mtu asikiavyo habari za theluji. Kilima changu kikubwa ni Masingini, ambacho ukianza kukohoa chini unamalizia juu. Wewe unakwenda kuupanda mlima wa Kitonga, huko bara. Mimi hata picha yake sijaiona.

Nimekitafuta kirejeta, mwanangu. Hilo sikukwambia. Zile siku nilizosema nakwenda sokoni na nikarudi bila ya samaki, mama yako akaninunia, nilikuwa napita maduka ya vyuma Darajani. Unayaona yalivyo siku hizi, rafu zinaonyesha mbao zake. Mmoja aliniletea rejeta ya maji ya gari dogo, imetoboka, akaniambia ni ile ile. Nikamwambia si ile ile. Akanijibu, "Mzee Makame, akosaye la mama hata la mbwa huamwa." Nilikaribia kumpiga, na yeye hana kosa. Nikamwendea hata yule fundi bati aliyekikata, nikamuuliza kama kitu kile kinaweza kutengenezwa upya. Alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "mie hutengeneza mabirika."

Kisha nikampelekea mjomba wako salamu kupitia kwa baharia, kwamba asilipeleke lori mlimani mpaka apate kirejeta huko Dar es Salaam. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. "Mwambie shemeji, gari imekwenda miaka yote bila ya hicho, na mzigo haungoji." Gari ni lake na mzigo ni wake. Nilibaki na cha kusema lakini sikuwa na wa kumwambia.

Ndipo nikaja kwako, pale barazani. Hujasahau, lakini wacha niyaandike, maana nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa.

"Usende," nilikwambia.

"N'takwenda, Baba."

"Basi ngoja kwanza mjomba wako apate kirejeta."

"Na akipata dereva mwengine? Mie n'kae hapa n'fanye nini? Gari yenyewe haitokuwepo."

"Huujui mlima ule, Haji."

Ukanitazama, wala si kwa ufidhuli, ukasema, "Na wewe huujui, Baba. Njia yako inaishia baharini."

Niliinuka nikaenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado. Nilikasirika kwa kuwa ulisema kweli. Sina hata safari moja ya kukushinda nayo. Kila nilichokufunza nilikufunza kwenye barabara ambayo ukiharibikiwa unatembea mpaka nyumba ya karibu, unakaribishwa muhogo, na kabla hujaumaliza mtu ameshapeleka habari mjini.

Na kipo kimoja nilichokufunza bila ya kusema, na hicho nakiogopa kuliko kukosekana kwa kirejeta. Watu wa njia yetu waliniita Makame Hasimami, kwa kuwa abiria nilimsimamia lakini ubovu wa gari sikuusimamia, na wewe ukawa mtoto wa Hasimami. Jina lile nililipenda mno. Unaikumbuka asubuhi tuliyotoka Mkokotoni na wanawake wa samaki, sindano ya presha ya oili ikaanza kushuka? Ulikuwa umeshaanza kazi ya utingo, umekaa ubavuni mwangu, na uliiona kabla yangu.

"Baba, sindano," ulisema.

"Hawa wana samaki," nilikujibu.

Bi Mize, yule muuza changu, akasema kwa nyuma, "Mwacheni huyo, Makame hasimami, atatufikisha." Wenziwe wakacheka, na mimi nikaona raha, nikakanyaga. Tulipopita Mahonda injini ikaanza kunoki. Tuliingia Darajani inagonga kama mtu anayetwanga kisamvu, samaki wakauzwa, mimi nikasifiwa. Beringi zilikuwa zimeshaliwa zote. Watu walibaki na sifa zangu, na mimi na wewe tukabaki chini ya gari tunahangaika na krenki. Hukunilaumu hata kwa jicho. Laiti ungenilaumu, pengine ningejua kwamba ulikuwa unajifunza kitu siku ile, na si ufundi.

Maji yakizidi moto hupiga kelele. Mvuke unatoka, kifuniko kinalia, hata mbuzi wa njiani anajua gari limechemka. Oili haipigi kelele. Inakuwa nyepesi, sindano inashuka kidogo kidogo, na dereva mwenye kuona haya anajiambia labda geji ni mbovu. Hapa kwetu haya hiyo iliniharibia injini. Kule, vyuma vikishikana injini ikakwama katikati ya mlima, breki za lori lile unazijua, nguvu zake zinatoka kwenye injini hiyo hiyo. Ikizimika zinakubali mara moja mbili, kisha unabaki na breki ya mkono. Nyuma yako mapipa ya mafuta, na pembeni, wanavyosema, korongo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nambari za joto nimekupa, lakini kipimo cha kuzisomea lori halina. Lina sindano ya presha tu. Nimefikiri cha kukupa badala yake, na nakupa kama kilivyo. Asubuhi, injini ikishapata moto wake, itazame sindano inasimama wapi ukiwa katika mwendo wako wa kawaida. Hapo ndipo kwake. Mlimani, injini ikizunguka vile vile na sindano ikakaa chini ya hapo, oili imeshakuwa maji. Ukisimama, lala chini udondoshe tone la maji juu ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Likikauka polepole, sawa. Likilia kama lililodondokea chuma cha chapati, usiende. Nimejaribu mara nyingi kwenye barabara yetu na halijapata kulia hata siku moja, kwa hiyo sauti yenyewe siijui. Utaisikia wewe, na mimi sitakuwepo kukwambia kama ndiyo.

Leo kabla hawajalipakia nilimwaga oili yote nikatia mpya, nzito kuliko tuliyoizoea, kwa kuwa nzito huchelewa kuwa nyepesi. Nikalala chini nikaisugua sampu kwa brashi mpaka udongo wote wa Unguja ukatoka, ili chuma kipate upepo. Vijana wa bandarini walikuwa wananingoja na kreni yao. Mmoja akauliza, "Mzee, lori linakwenda kuoa?" Nikacheka nao. Lilipokwisha kuinuliwa nikakaa juu ya marundo ya kamba nikalia kidogo, na wao wakajifanya wana kazi upande wa pili.

Yote hayo hayafiki kirejeta. Nakwambia usije ukapanda mlima kwa kudhani Baba amelitengeneza gari. Sikulitengeneza. Sikuweza.

Hapa niliweka kalamu chini, maana mama yako ameingia na kahawa. Amenitazama uso, akakaa.

"Bado unalilia lile bomba lako?"

"Si bomba."

"Haya, kirejeta. Mie si fundi, nataka kujua kitu kimoja tu. Gari ikishapata moto huo, dawa yake nini?"

"Kusimama," nikamwambia. "Unaiacha injini ingurume taratibu kidogo, kisha unaizima, unakaa mpaka ipoe."

"Kukaa kiasi gani?"

Nikatazama kikombe mkononi mwangu, kwa sababu sikuwa na jingine la kutazama. "Kiasi cha kuwasha makaa, ukachemsha kahawa, ukainywa, ukakosha vikombe. Na mlima ukiwa mbaya, ukachemsha tena."

"Basi dawa si unayo."

"Hatosimama, Bi Asha. Yule mwanangu. Ataona haya, wenziwe wanampita na yeye kakaa kando ya njia na gari zima."

Akainuka. Nilidhani amekubaliana na mimi. Kisha akanimiminia kahawa yote iliyobaki, ingawa sikuwa na hamu nayo, akaenda uani na dele tupu. Nimemsikia analisugua kwa majivu. Amelifunga ndani ya kanga yake moja, akalitia kwenye kikapu chako pamoja na seredani, lile jiko dogo la makaa, kifurushi cha makaa, buni iliyokwisha kutwangwa na kipande cha tangawizi. Amepita hapa akifuta mikono.

"Mwandikie atuchemshie kahawa," akasema. "Kusimama kwa gari bovu, dereva huona haya. Kusimama kwa kahawa, nani aone haya?"

Miaka yote nimelala chini ya lori lile, na jawabu lilikuwa uani, likingoja kuoshwa. Si jawabu zima. Yeye mwenyewe anajua si zima, maana sasa hivi namsikia amekaa kimya kule, na mama yako hakai kimya bila ya sababu.

Kwa hiyo dele utalikuta kikapuni, usiulize la nini. Kile kiraka chekundu kitakoni ndicho kilichobaki cha kirejeta chako. Chini ya kila mlima simama uchemshe. Ukiona kituo katikati yake, simama uchemshe. Juu, simama tena. Wenzako wakikupita wakikupigia honi, waambie mtu wa Unguja haendi safari bila ya kahawa. Watakucheka, na atakayesimama kukucheka atapata kikombe. Ukifika na mzigo umechelewa na mjomba wako akapandisha sauti, mwambie shemeji yake ndiye aliyekuzuia. Ugomvi huo niachie mimi, ni kitu kimoja ninachoweza kukubebea kutoka huku.

Sijui kama itatosha. Mlima ule siujui, na huenda ukataka zaidi ya dele la kahawa. Nimekaa hapa na maarifa yangu yote, na kesho nitasimama gatini kama mtu asiyejua kitu, nikupungie mkono, kisha nirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu gari sina. Sisi huku tutachemshia kahawa kwenye sufuria. Usitufikirie.

Najua huipendi. Tangu udogoni ukipewa unakunja uso kwa uchungu wake, na bibi yako akakuita mtoto wa chai. Basi usiinywe, mwanangu. Ichemshe tu, uingoje ipoe kabisa, uimwage chini, ndipo uwashe gari.

Baba yako,
Makame